Mama Chagua na Kamba ya Muhula

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Mama Chagua alisimama nyuma ya nyumba na kusukutua koo kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Aliinua kichwa, akasukutua kwa kishindo, akatema, kisha akaijaribu sauti.

"Chaguaaa, beba!"

Kuku wa jirani walitawanyika. Bibi, aliyekuwa jikoni akichochea moto, akasema maneno yake ya kila siku: "Haya, sasa jua lina ruhusa ya kuchomoza."

Mama Chagua aliuza mitumba. Jina lake la kuzaliwa lilijulikana na ndugu tu; sokoni kote aliitwa kwa ule wito wake. Alikuwa akisimama juu ya kigoda, shati mkono huu na gauni mkono ule, na mtu aliyekuja kununua vitunguu aliondoka na koti.

Binti yake alikuwa kinyume chake kabisa. Alipozaliwa alichelewa kulia hadi mkunga akaingiwa na hofu, na tangu siku hiyo bibi akamwita Kimya. Jina likamkaa. Sasa Kimya alikuwa ameingia kidato cha kwanza, na sketi yake mpya ilikuwa na upindo mpana ambao bibi aliukunja makusudi, ili ukunjuliwe kadiri msichana atakavyorefuka. Kimya aliipenda sketi ile na aliipenda shule ile. Jambo moja tu lilimkosesha raha: shule na soko vilitenganishwa na ukuta mmoja, na sauti ya mama yake haikujua ukuta.

Jumatatu ya kwanza, mwalimu wa hesabu alikuwa akichora pembetatu ubaoni, darasa zima likiwa limetulia tuli, mara ikaingia dirishani:

"Chaguaaa, beba! Shati la bosi! Suruali ya bwana harusi! Chaguaaa, beba!"

Darasa liliangua kicheko. Hata mwalimu aligeukia ubao ili kuficha tabasamu. Wakati wa mapumziko, mvulana aliyeitwa Redio kwa sababu hakuzimika mdomo alipanda juu ya benchi, akaishika sweta yake kama bidhaa na kuiga wito ule kwa kubana pua.

"Huyu mama amemeza spika!" akasema.

Wote walicheka. Kimya naye alicheka. Hakuna aliyejua kuwa yule ni mama yake, naye hakusema. Alicheka mpaka mbavu zikamuuma, na aibu ikamuuma zaidi ya mbavu.

Siku chache baadaye, Mwalimu Mkuu aliwatangazia wanafunzi kwenye mkutano wa asubuhi kwamba Jumamosi itakuwa siku ya kamba ya muhula, inayovutwa kila muhula wa kwanza wa mwaka. Mwalimu huyo alikuwa mwanamke mjanja. Miaka ya nyuma aliwaita wazazi kwa barua, wakaja wachache na kusinzia. Alipoanza kuwaita kwa kamba, walijaa uwanjani.

Mambo yalikuwa hivi. Kidato cha kwanza kilikuwa na mikondo miwili, A na B, na vyumba viwili ambavyo havikufanana hata kidogo. Kimoja kilikuwa na madirisha pande zote na kupitisha upepo. Kingine kiliitwa Tanuri: bati lake lilikuwa chini, kilikuwa na kidirisha kimoja kilichotazama jiko la shule, na kila adhuhuri moshi uliingia humo kama mwanafunzi aliyechelewa. Wazazi wa A walivuta kamba dhidi ya wazazi wa B, mivuto mitatu. Walioshinda miwili, watoto wao walipata chumba cha upepo kwa mwaka mzima. Hapakuwa na idadi maalumu. Kila mzazi aliyefika alishika kamba, hata akifika katikati ya mashindano. Basi mzazi mmoja kukosekana lilikuwa jambo.

Kiongozi wa mkondo B, msichana aliyevaa miwani minene na kuitwa Miwani, alipita dawati kwa dawati.

"Kimya, kwenu nani anakuja?"

"Baba yuko safarini. Ni dereva wa lori." Hiyo ilikuwa kweli.

"Na mama?"

"Mama naye amesafiri." Hiyo haikuwa kweli.

"Kha! Wote? Nyumbani umebaki na paka?"

"Na bibi," Kimya akajibu, akijifanya kutafuta kalamu.

Uongo haukai peke yake. Ukiuzaa mmoja, lazima uuzalie mwenzake. Jioni Mama Chagua alirudi na gauni la bluu alilolitenga alipofungua robota jipya la mitumba. Alilipiga pasi na kulitundika ukutani.

"Nasikia Jumamosi wazazi wanaitwa shuleni," alisema. "Mbona hukuniambia?"

"Ni wazazi wa wanafunzi wa bweni tu, mama."

"Kumbe." Mama alilitazama gauni kidogo, akalishusha na kulikunja taratibu. "Basi Jumamosi nitafanya kazi."

Kimya aliona mikono ya mama yake ikikunja gauni lile, akatamani kusema kweli. Badala yake akafungua daftari.

Jumamosi ilifika. Uwanja ulijaa watu. Upande wa A alisimama mchinja nyama mwenye shingo pana, na nyuma yake fundi matofali, mpishi wa hoteli na akina mama wanne waliobeba mizigo ya mkaa kila siku ya maisha yao. Upande wa B kulikuwa na muuguzi ambaye ndiye baba yake Redio, mshonaji, karani mwenye tai, babu yake Miwani na wengineo. Mwalimu wa hesabu alipuliza filimbi.

Wa B walijitahidi, lakini kila mtu alivuta kwa wakati wake. Muuguzi alipovuta, mshonaji alikuwa akipumua. Mshonaji alipovuta, karani alikuwa akiitafuta tai yake iliyomrukia begani. Kwa mvuto mmoja wa A, B nzima ilianguka kifudifudi, mmoja juu ya mwingine.

"Tanuri hilo," alisema Redio, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Mwaka mzima tutanuka moshi kama samaki wa kukaushwa."

Miwani alivua miwani yake na kuifuta, ingawa si miwani iliyolowa. "Tungekuwa na mtu mmoja zaidi tu," akasema. "Hata mmoja."

Na hapo hapo, kutoka ng'ambo ya ukuta, ikapaa: "Chaguaaa, beba!"

Kimya aligeukia ukuta. Mama yake alikuwa pale, hatua chache tu, mwenye nguvu zake zote, na aliyemweka mbali alikuwa yeye. Alitoka mbio. Alipita lango, akazunguka ukuta, akapenya katikati ya wauza viatu hadi kwenye kigoda cha mama yake.

"Mama! Nilikudanganya. Siku ya leo ni ya wazazi wote. Na darasani nilisema umesafiri."

Mama Chagua alikuwa amefungua mdomo kuita, akaufunga. Wauza viatu waligeuka kuangalia. Sokoni, kimya cha mama huyu kilikuwa habari.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Wanaiga sauti yako. Wanacheka." Machozi yakamtoka. "Na mimi nilicheka nao."

"Ulinionea haya?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Mama alishuka kigodani. Ilimuuma, na hakuficha. Alilitazama gauni alilolishika kama asiyelijua. Kisha akavuta pumzi ndefu.

"Hilo tutalizungumza baadaye, na bibi yako akiwepo. Sasa niambie, tumeshindwa?"

"Mvuto mmoja."

"Nani anatuvuta?"

"Mchinja nyama na wenzake."

"Yule? Yule si ndiye ananunua kaptula kwangu?" Mama Chagua akamgeukia muuza viatu. "Jirani, niangalizie mali yangu." Akajifunga kibwebwe, na wakaondoka.

Uwanjani Kimya alisimama mbele ya darasa lake. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

"Huyu ni mama yangu," alisema. "Hakusafiri. Nilidanganya."

Redio akarudi nyuma hatua moja, na wenzake wote wakamgeukia yeye. Mama Chagua alimtazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye unayeniiga? Nilikusikia. Unatolea sauti puani. Itoe tumboni!"

Watu wakacheka, na safari hii Kimya alicheka bila kuumwa.

Mama hakupoteza wakati. Aliwakusanya wazazi wa B. "Ndugu zangu, nikisema 'chagua,' hakuna kuvuta. Kazeni miguu tu. Nikisema 'beba,' wote turudi nyuma kwa pamoja. Baba mwenye tai, hiyo tai mpe mtoto."

Filimbi ikalia. "Chaguaaa..." Miguu ikajichimbia. "...beba!" Kamba ikaja. "Chaguaaa... beba!" Ikaja tena. Mchinja nyama alikodoa macho. Nguvu zake zilikuwa zile zile, lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na upande wa pili walikuwa wamekuwa mkono mmoja. A wakaburutwa hadi ng'ambo ya mstari. B ilishangilia mpaka kunguru wakahama bati la jiko.

Ukabaki mvuto wa mwisho. Sasa A nao walikuwa wamejifunza, wakaanza kuvuta kwa kuhesabu. Kamba ilikwenda huku, ikarudi kule. Mama Chagua aliita na kuvuta, akaita na kuvuta. Alikuwa ameita tangu asubuhi sokoni, na maji ya chumvi yana mpaka wake. Akafungua mdomo kuita tena, ikatoka pumzi tupu. Sauti ilikuwa imekauka.

Wazazi wa B wakapotezana. Kamba ikaanza kuteleza, mkono baada ya mkono, kuelekea A. Mama aligeuza uso kando ya uwanja, akamtafuta binti yake kwa macho.

Kimya alielewa. Alitazama shule nzima iliyokuwa ikitazama, akaweka mkono tumboni.

"Chagua, beba," alisema. Ilitoka ndogo, hata Miwani aliyesimama ubavuni mwake hakuisikia vizuri.

Kamba ikateleza tena.

"Chaguaaaa..."

Hii ilitoka tumboni. Ilitoka ikiwa kubwa, pana, yenye mlio ule ule uliowatawanya kuku kila asubuhi. Miguu ya wazazi ikajichimbia. Kamba ikasimama.

"...BEBA!"

Wakarudi nyuma kwa pamoja. Redio akadaka wito, Miwani akadaka, darasa zima likadaka, na Kimya akiwaongoza: "Chaguaaa, beba! Chaguaaa, beba!" Babu yake Miwani alivuta kama kijana. Mchinja nyama aliteleza, fundi matofali akamkanyaga kisigino, na A wote wakavuka mstari wakiwa wamekaa.

Kelele iliyozuka hapo haielezeki. Darasa lilimnyanyua Kimya juujuu, sketi yake ikafumuka upindo, wala hakujali. Alimtafuta mama yake, akamkumbatia mbele ya wote.

Mwalimu Mkuu alileta ufunguo wa chumba cha upepo. Mama Chagua aliupokea, akamnong'oneza binti yake, na Kimya akawa mdomo wa mama yake.

"Mama anashukuru. Lakini anauliza, hao wa A ni watoto wa nani? Anasema mikono iliyovuta kamba hivi haiwezi kushindwa kutoboa madirisha Tanuri."

Watu wakatazamana. Mchinja nyama, aliyekuwa bado akijikung'uta vumbi, akainua mkono. "Mimi nitakuja na shoka langu!"

"Shoka lako liache buchani," akasema fundi matofali. "Nitakuja na tindo."

Na kweli walikuja, A na B pamoja. Jumamosi iliyofuata ukuta wa Tanuri ulipata madirisha mawili mapana upande usiotazama jiko, na bati lilipandishwa juu kwa kamba ile ile, huku Kimya akiita. Mwalimu Mkuu alitangaza kuwa mwakani wazazi wataitwa tena kwa kamba, ila itabidi atafute kitu kingine cha kushindania.

Lakini yale mazungumzo mama hakuyasahau. Jioni ile ya ushindi alimkalisha Kimya mbele ya bibi, na kwa sauti yake iliyokwaruza akasema:

"Mwanangu, aibu imekufanya useme uongo, na uongo umekaribia kuwafungia wenzako wote Tanuri. Umeona? Ulidhani ni siri yako peke yako. Mimi sikukasirika kwamba kazi yangu ina kelele; ina kelele kweli. Niliumia kwa kuwa sauti hii ndiyo imekununulia daftari, na wewe ukaicheka ukiwa umeikana. Leo umekuja mwenyewe ukasema kweli, ukasema tena mbele ya watu. Hiyo ndiyo iliyoshinda kamba. Sauti ilifuata tu."

"Sitarudia, mama."

"Najua," alisema mama, akamshika kichwa. "Kesho unifundishe hiyo 'beba' yako. Imenipita."

Asubuhi iliyofuata, kabla chai haijachemka, watu wawili walisimama nyuma ya nyumba na vikombe vya maji ya chumvi. Walisukutua pamoja, wakatema, wakavuta pumzi. Kuku wa jirani hawakusubiri. Walitimua mbio mapema.

"Leo," bibi akasema kutoka jikoni, "jua litachomoza mara mbili."