Maji Yaliyolishwa

Haya ninayoyaandika sikusimuliwa na mtu. Nimeyaona kwa macho yangu mawili, na pale macho yalipochelewa masikio yalitangulia, kwa maana ukuta wa sebule ya Fundi Vioo ndio ukuta wa chumba changu, na ni mwembamba kiasi kwamba yeye akipiga chafya, mimi ndiye ninayemwambia "afya." Wapo watakaosema naongeza chumvi. Waseme. Shule niliiachia njiani, lakini macho sikuyaacha huko.

Jambo lenyewe lilianza kwa kitu kidogo: chakula cha samaki kilichotiwa kwenye tangi lisilo na samaki, kikaliwa.

Fundi Vioo alikuwa na mtoto mmoja tu, binti waliyemwita Kidosho, mwenye moyo dhaifu tangu kuzaliwa. Daktari alikwishamkataza kukimbia, kuruka kamba, kupanda ngazi. Hata kucheka ilibidi acheke kwa adabu. Kutwa alikaa kwenye kochi akiwatazama wenzake dirishani. Siku moja akamwambia baba yake anataka samaki, kwa sababu samaki wanacheza na mtu anaweza kuwatazama bila kuchoka. Fundi akaenda karakanani, akakata vioo vilivyobaki kwenye kazi ya duka moja, akaviunganisha kwa silikoni, akatoka na tangi safi kuliko madirisha yote aliyowahi kumtengenezea mteja. Na yangu yamo.

Mwuza samaki, jamaa mwembamba tunayemwita Mapezi, alikuja na pampu ya hewa, changarawe na dawa ya kupimia maji.

"Samaki bado," alisema. "Maji mapya huua. Kwanza yalishe."

"Nilishe maji?"

"Chakula kidogo kila siku, kama vile samaki wamo. Kikioza kitatoa sumu, na kwenye hiyo sumu watazaliwa vijidudu wema wa kuila. Wewe unachota maji kwenye kichupa hiki, unatia matone, unatazama. Kijani ni sumu. Yakirudi manjano, njoo uchukue samaki."

"Kwa hiyo nawaandalia meza wasiokuwepo."

"Wafugaji wote tunafanya hivyo, kaka. Umeona nimeota mkia?"

Fundi alicheka. Alikuwa mtu wa mzaha, hasa mbele ya bintiye. Mapezi alipoondoka, alipima maji: manjano, safi kabisa. Kisha akachukua chakula kwa ncha za vidole, akainama kama mhudumu wa hoteli kubwa, akatangaza, "Karibuni, enyi msioonekana! Kuleni mshibe! Wa kwanza kuingia humu ni wenu!"

Kidosho alicheka mpaka mama yake akamwonya. Halafu akatumbukiza mkono ndani ya maji, mpaka kwenye kiwiko, ati anawasalimia wageni.

Chakula kilikuwa bado kinaelea. Fundi akageuka kuchukua kitambaa amfute mtoto mkono. Alipogeuka tena, maji yalikuwa meupe, hata punje haipo. Akachungulia changarawe. Hakuna. Akajisemea pampu imekivuta.

Kesho yake akapima. Maji kwenye kichupa yakawa kijani iliyokolea kupita rangi zote zilizochorwa kwenye kadi. Akampigia simu Mapezi, naye akaja, akapima mwenyewe, akakuna kichwa.

"Umetia samaki wangapi?"

"Hata mmoja."

"Kaka, usinifiche. Rangi hii ni ya tangi lililojaa samaki wakubwa, tena walafi."

"Nimekwambia hata mmoja!"

Mapezi akarudisha kichupa mezani polepole. "Basi humu kuna kitu kinakula," akanong'ona. "Na kinachokula, hunya."

Tangu hapo nyumba ikaanza kunuka. Ilikuwa harufu ya mkojo wa mtoto kwenye godoro, na chini yake harufu nyingine, ya nguo iliyolowa ikasahauliwa kwenye beseni. Na Kidosho akashikwa na kiu. Alimaliza jagi akaomba jingine, na bado midomo ilipasuka kama udongo wa kiangazi. Hospitali walimpima wakasema moyo ni ule ule, damu haina neno, mpeni maji. Wakampa maji. Mtoto akazidi kukauka. Ukimshika mkono ngozi inakwaruza.

"Lile tangi litoke," alisema mama yake.

"Likitoka nakufa," Kidosho akajibu, kwa utulivu uliowatoa wazazi jasho. "Ana njaa, baba. Mpe."

Na fundi alimpa, kwa sababu siku aliyojaribu kutompa, mtoto alianza kutapatapa pale pale kwenye kochi. Niliisikia sauti ya kula ukutani kwangu: cha, cha, cha, kama mzee asiye na meno anayetafuna taratibu asimalize utamu.

Jioni moja umeme ulikatika. Pampu ikazima, nyumba ikanyamaza, na bado mapovu yaliendelea kupanda kutoka kwenye changarawe, moja moja, kama ya mtu anayepumua chini. Mapezi alikuwepo, amekuja na samaki mwekundu ndani ya mfuko wa plastiki, maana fundi alikuwa amekumbuka maneno yake mwenyewe, kwamba wa kwanza kuingia ni wao, na alitaka kuitimiza ahadi iishe. Wakamtia samaki. Hakuogelea hata shibiri moja. Alirushwa juu, akaanguka sakafuni, mkavu kama gome la mti. Ndipo maji yakasema, kwa sauti iliyopanda pamoja na mapovu:

"Huyu wa pili. Wa kwanza alikwisha ingia."

Mapezi alitorokea dirishani. Mlango ulikuwa wazi, lakini hakuwa na muda wa kuuchagua.

Mganga aliletwa siku iliyofuata, jua likiwa utosini. Alikuwa mwanamke mfupi aliyefika kwa pikipiki na kofia yake ngumu kichwani, na hakuivua mpaka mwisho.

"Nani alilisha?"

"Mimi, mama."

"Nani alikaribisha?"

"Mimi. Ulikuwa mzaha tu."

"Hao hawana mzaha, mwanangu. Hilo ni jini la kiu. Limekula chakula chako, limeshika neno lako, na mkono wa mtoto ulipoingia likahesabu limelipwa. Mimi siwezi kulitoa. Aliyelisha ndiye anyime. Chota maji yote kwa mikono yako, uyamwage juani, usisimame katikati. Ukisimama, mtoto ni wake."

Fundi akachukua ndoo. Ya kwanza akaimwaga uani, jua likainywa. Kidosho akakohoa. Ya pili, kifua cha mtoto kikaanza kupanda na kushuka mbiombio. Ya tatu, mama akapiga magoti, "Baba Kidosho, acha, huoni unamuua? Acha, nakuomba!" naye fundi akamtazama mganga, na mganga akatikisa kofia yake tu, basi fundi akarudi kuchota, machozi na kamasi vikimdondoka humo humo ndani ya ndoo, na kila alipochota maji yalishuka kidogo na pumzi ya mtoto ikashuka nayo, na yalipofika katikati ya tangi yakagoma kushuka, akachota na yapo, akachota na yapo, na kitu kisichoonekana kikamshika kifundo cha mkono kwa vidole vilivyolowa, kikavuta taratibu, bila hasira, kama mtoto anayemvuta baba yake amwoneshe kitu, na nyuma yake akamsikia mkewe akiita jina la mtoto na mtoto haitikii, ndipo akajua kwamba ndoo haitoshi wala mikono haitoshi, na fundi yule ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kuvunja kioo hata kwa bahati mbaya, akaunyoosha mkono wa kushoto, akashika nyundo yake ya kazi iliyoegemea ukutani, akapiga.

Tangi lilipasuka kwa kishindo kilichoangusha picha ukutani kwangu. Maji yakatapakaa sakafuni, na badala ya kukimbilia mlangoni palipo na mteremko, yalipanda kuelekea kwenye kochi. Fundi akajitupa kifudifudi mbele yake, akayazuia kwa mwili wake, akayasukuma nje kwa mikono iliyochanika vioo, akipiga kelele, "Sikupi! Sikupi! Toka, sikupi!" mpaka tone la mwisho likavuka kizingiti. Uani yalichemka kidogo juani, yakatoa ile harufu, yakakauka. Mganga akafunga mkanda wa kofia yake, akawasha pikipiki.

Kisha Kidosho akavuta pumzi ndefu, akaketi. Midomo yake ilikuwa laini tena. Akamtazama baba yake aliyelala kwenye damu na changarawe, akasema, "Baba."

Nilikuwa nje ya dirisha lao, mkono mdomoni, nikilia kama mjane. Yote hayo niliyaona, na mwenye kubisha aje tuapishane.

Ila neno moja nimelitia mimi. Fundi huja kwangu jioni kunisikiliza nikisoma nilichoandika, na tulipofika hapo alinishika mkono kwa ile mikono yake yenye makovu, akaniomba mtoto aseme kitu. Nikamwandikia lile "Baba." Kidosho hakulisema. Tangu siku ile hana kiu, hakohoi, hachoki; anakaa kwenye kochi, macho wazi bila kupepesa, anafungua kinywa na kukifumba, anafungua na kukifumba.