Sauti Aliyoifuta Kagwe

Siku hiyo walikuwepo wanne katika nyumba moja mtaani Gatongora: Kagwe, fundi wa simu saa za kazi na mkusanyaji wa kaseti saa zingine zote, mkewe Wanja, binti yao Mumbi wa miezi tisa, aliyelala kwenye kochi, na Waithira, mama yake Kagwe, aliyekuja kutoka Gitothua na ndizi za mtoto kama alivyofanya kila Jumamosi bila kuombwa. Wa tano hakuna aliyemwona akiingia.

Kaseti za Kagwe hazikuwahi kuuzwa dukani. Zilikuwa za muziki wa roki wa zamani, zilizonaswa na watazamaji wenyewe katikati ya umati, mashine ikiwa imefichwa ndani ya koti au kikapu. Wanaokusanya kaseti hizo wana sheria moja: usikate kitu. Kikohozi, matusi ya mlevi, chupa ikianguka, vyote ni vya siku ile, na siku ile haitarudi.

Kaseti ya Jumamosi hiyo aliazimwa na Munyao wa Thika. Marehemu babake Munyao, mzee Kyengo, aliinasa mwaka wa sabini na sita katika ukumbi mmoja wa Thika, kinasa sauti kikiwa kwenye kiondo chini ya mahindi mabichi. Bendi iliitwa Chania Lightning, na hakuna kingine kilichobaki cha bendi hiyo. Katikati ya wimbo wa tatu mlango ulizibika, watu wakakanyagana gizani, na karibu kabisa na kiondo mama mmoja alianza kumwita bintiye aliyekuwa ameingia kuuza karanga. Aliita "Ndinda! Ndinda!" mpaka wimbo ukaisha. Ndinda hakutoka hai.

Tangu hapo, kila mwaka mama huyo alifika kwa mzee Kyengo. Alipewa kiti na chai, kaseti ikawekwa, naye akasikiza ameinamisha kichwa, akitafuta kama ndani ya kelele zile mtoto aliitikia. Alifanya hivyo miaka thelathini mpaka alipokufa, na mzee hakumnyima hata mara moja. Ndiyo maana Munyao alipomwazima Kagwe alimwambia neno moja tu: asikize atakavyo, lakini yule mama asimguse.

Kagwe alimgusa. Mkusanyaji mmoja wa ng'ambo alikuwa amemwahidi rekodi tatu alizozitafuta miaka kumi. Mtu huyo alitaka kaseti yenyewe, tena bila mwanamke anayeharibu gitaa. Basi Kagwe akaupitisha wimbo kwenye kompyuta, akamfuta mama yule, mwito mmoja baada ya mwingine. Kisha akabandika seloteipu juu ya vile vitundu vya kaseti vinavyozuia kurekodi upya, akaurudisha wimbo uliosafishwa palepale ulipokuwa.

Sasa akawachezea jamaa zake, akitabasamu. Gitaa lilitoka safi. Lakini Wanja, ambaye wiki iliyotangulia alikuwa amemsikia mama huyo kwenye kaseti, akaenda kulia jikoni, alisikia pengo.

"Mama Ndinda yuko wapi?" aliuliza.

"Ilikuwa kelele tu, Wanja. Skiza gitaa."

Hapo ikaja harufu ya karanga zinazoungua. Wanja alikimbilia jikoni. Jiko lilikuwa baridi. Aliporudi, Mumbi alikuwa ameamka na analia. Mishipa ya shingo ilikuwa imesimama, machozi yanatiririka, mdomo wazi kabisa, na hakuna sauti iliyotoka.

Hospitalini daktari alimulika koo, akasema ni zima. Muuguzi mmoja alimbeba mtoto ili Wanja apate kunywa chai, na Wanja hakumsahau. Lakini hakuna aliyejua la kufanya.

Nyumbani sauti zingine nazo zikaanza kuliwa. Mfereji ulimwaga maji kimya. Sufuria ilianguka sakafuni kimya. Siku ya nne, jua la saa sita likiwaka dirishani, Wanja alimwita mtoto na maneno yote yakatoka isipokuwa jina, akajaribu tena na tena, midomo ikisema Mumbi na hewa ikitoka tupu, huku ile harufu ya karanga ikizidi, na nyuma yake, kutoka kwa redio ya kaseti ambayo haikuwa hata kwenye umeme, akasikia pumzi ya mtu aliyekimbia mbali, pumzi nzito, ya hasira, iliyosogea hatua kwa hatua mpaka ikamgusa shingoni.

Waithira alikuwa mlangoni, ameona uso wake.

"Hilo ni jini," alinong'ona. "Na limekasirika. Ukiitwa na usiyemwona, mwanangu, usiitikie. Anayeitikia huchukuliwa."

"Lina haki ya kukasirika," Wanja alisema. "Hata mimi nimekasirika."

Alikasirika zaidi alipofungua kabati la Kagwe akakuta kaseti imeshafungwa kwenye karatasi, na anwani ya ng'ambo imeandikwa kwa mkono nadhifu. Mtoto wake alikuwa analia kimya chumba cha pili, na huyu alikuwa amekaa akiandika anwani. Hakumwuliza Kagwe kitu. Alimpigia Munyao simu na kumweleza yote.

Munyao alifika Alhamisi mchana na pakiti ya maziwa ya mtoto, kwani hakuona vyema kuja mikono mitupu kwenye nyumba yenye shida. Alifungua kile kifurushi, akaibandua seloteipu polepole kwa ukucha. Kagwe alianza kueleza habari za yule mtu wa ng'ambo.

"Mama wa watu alisikiza hii kaseti miaka thelathini," Munyao alimkatiza. "Wewe ukasikia gitaa tu."

Kisha akatoa mfukoni kaseti nyingine. Babake alimfunza kwamba kaseti haitoki nyumbani kabla ya nakala kubaki. Akaiweka kwenye redio.

Wimbo wa kwanza ukapita, na wa pili. Wa tatu ulipoanza, pazia lilitulia kama limeshikwa, mlango ukajifunga, na sebule ile ndogo ikajaa joto la watu wasioonekana, jasho na vumbi na karanga zilizoungua, na sauti ya mama ikapanda, kwanza kwenye redio, kisha kwenye kuta, kisha katikati yao, ikiita Ndinda, Ndinda, kwa hasira ya mtu aliyeita miaka mingi akafungwa mdomo, mpaka vioo vikatetemeka na Kagwe akajibanza pembeni amefunika masikio, naye Mumbi mikononi mwa mamake akafungua mdomo pamoja nayo, kimya.

Wanja alivuta pumzi. Waithira aliona anataka kuitikia, akamziba mdomo kwa kiganja.

Wanja aliuondoa mkono huo taratibu, kwa sababu ulikuwa mkono wa upendo. Alikuwa ameelewa. Hapo mtaani, mtoto akiitwa na yuko mbali, mama yeyote anayesikia huitika kwa niaba yake ili mwenziwe asihangaike. Kwenye ukumbi ule hakuna aliyemfanyia mama Ndinda hivyo.

"Niko hapa, mama," Wanja alisema. "Nimekusikia."

Sauti ilikatika. Gitaa liliendelea peke yake, dogo, la zamani, na harufu ikaondoka kama mlango umefunguliwa. Ndipo Mumbi akalia, kilio kikubwa cha kukwaruza, kilichofika mpaka kwa majirani.

Waithira alikaa chini akamshukuru Mungu. Kagwe alikuja, anasema pole, pole. Wanja alimwekea mtoto kifuani.

"Skiza hiyo," alimwambia. "Hiyo usifute."

Munyao alirudi Thika na kaseti zote mbili.

Mumbi sasa ana miaka mitatu. Ukimwita huitika mara mbili: mara ya kwanza akikutazama wewe, mara ya pili akitazama mlango, kana kwamba kuna mama mwingine anayeita.