Kichaka cha Juu ya Machimbo

Kila siku baada ya masomo, Kimbelembele alipitia kazini kwa shangazi yake. Alinawa mikono, akaikausha vizuri, kisha akaanza kubadilisha magazeti. Shangazi alitunza mimea mikavu. Vyumba vilikuwa viwili, makabati ya chuma yamepanda kutoka sakafuni hadi darini, na ndani yake majani na maua ya mlima mzima, yameshonwa kwa uzi kwenye karatasi ngumu. Mmea mbichi ulilazwa katikati ya magazeti, ukabanwa kwa mbao mbili na mikanda. Magazeti yakilowa, hubadilishwa. Mtu mwenye mikono ya majimaji alifukuzwa chumbani mle kama kuku.

"Kitendawili," alisema Shangazi, uzi mdomoni.

"Tega!"

"Amekufa, amekauka, mdomo hana. Ukimwuliza kwao ni wapi, anakujibu."

"Rahisi hiyo! Mmea wenye lebo."

"Umepata. Na lebo isipokuwepo?"

"Ni takataka tu, Shangazi."

"Ni takataka tu," alikubali Shangazi, akakata uzi kwa meno.

Jina la Kimbelembele hakupewa na wazazi. Alipewa na darasa la sita, kwa sababu wa kwanza kwenye foleni ni yeye, wa kujibu kabla swali halijaisha ni yeye, na wa kuwabandika wenzake majina pia ni yeye. Msichana mmoja, aliyevuta mguu wa kushoto tangu utotoni, Kimbelembele alimwita Kobe. Jina likanasa kama ulimbo. Hata vitoto vya darasa la kwanza vilimwita hivyo, vikijua fika kwamba hawezi kuvikimbiza.

Mama yake Kobe aliponda kokoto kwenye machimbo ya mawe mlimani. Jioni Kobe alimngoja huko. Siku moja shuleni alimletea Kimbelembele tawi alilolifunga kwenye ukurasa wa daftari. Majani yake yalitazamana mawili mawili, upande wa chini yana manyoya meupe, na maua yake madogo yalikuwa ya zambarau.

"Ni la shangazi yako," alisema. "Mimi sijaona mmea wa namna hii. Nikifuatana nawe leo, nitayaona yale makabati unayoyasimulia?"

"Twende tu."

Wasichana wengine wawili wakafuata nyuma kwa udaku. Walipofika mlangoni, Kimbelembele alilichukua tawi, akaingia, akageuka.

"Kobe haruhusiwi humu. Atatumalizia majani!"

Wale wawili walicheka mpaka wakashikana mabega. Mlango ukafungwa. Kupitia kioo, Kimbelembele alimwona Kobe amesimama kidogo, kisha akaondoka, mguu ukikwaruza changarawe. Naye akacheka.

Ndani, Shangazi alilipeleka tawi dirishani. "Ajabu hii! Nani kalichuma?"

"Mimi mwenyewe."

"Wapi?"

Hapo Kimbelembele alikwama, maana Kobe hakuulizwa. Lakini uongo ukishavuka kizingiti, wa pili hauombi ruhusa. "Kijitoni," alisema, "juu ya daraja la miti."

Shangazi akaandika lebo kwa wino usiofutika: mahali, tarehe, na jina kamili la mtoto wa kaka yake.

Baada ya wiki tatu alikuja daktari wa mimea, mama wa maneno machache, kioo cha kukuzia kikining'inia shingoni. Alifungua kabati baada ya kabati. Mwishowe alipanga karatasi sita mezani.

"Ndugu zake ndio hawa," alisema. "Lakini majani yao ni laini chini, na kila ua lina petali tano. Huyu ana manyoya, na petali zake ni nne. Nadhani hajawahi kuandikwa na mtu. Ila bila tunda siwezi kumpa jina wala kumweka kwenye ukoo wake. Nani alimpata?"

"Mimi!" alisema Kimbelembele, kifua mbele.

Simu ikalia. Alikuwa msimamizi wa machimbo. Walitaka kupanua machimbo kwenda juu kwa baruti, na sheria iliwataka wamwulize daktari kwanza kama huko kuna mmea adimu. Daktari akaitazama lebo.

"Wa kwetu anaota kijitoni," alijibu. "Huko kwenu hatuna kilichoandikwa. Leteni karatasi niitie sahihi."

Kimbelembele alijua Kobe hushinda wapi jioni. Shule nzima ilijua. Lakini ulimi ule usiojua kulala, siku hiyo ulilala fofofo. Karatasi ilipoletwa, aliitazama kalamu ikitembea mpaka mwisho.

Siku mbili wote watatu walipanda kando ya kijito kutafuta tunda. Daktari aliinama kwenye kila kichaka. Shangazi aliteleza, akachunika kiganja chote. Hawakupata kitu. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, mlio mzito ulitoka ng'ambo ya mlima, na ndege wakaruka.

"Wameanza kulipua," alisema Shangazi, akifunga kiganja kwa leso.

Kimbelembele akaketi juu ya jiwe, akaanza kulia. "Si mimi niliyelichuma. Ni Kobe. Mahali nilipatunga."

Daktari alimgeukia. "Kobe ni mnyama. Nimeuliza jina la mtu."

Jina alilijua, mwalimu alilisoma kila asubuhi. Lakini lilikuwa geni mdomoni mwake, akalitamka kwa shida kama mtu anayejifunza kusoma.

Wakamkuta Kobe machimboni, kando ya mama yake, vumbi hadi kwenye kope. Daktari akamweleza.

"Vilikuwa vichaka kumi na kimoja," alisema Kobe. "Nilikuwa navihesabu."

"Tuonyeshe, mwanangu."

"Kwanza yeye aseme. Kwa sauti ile ya mlangoni."

Kimbelembele akasema yote, mbele ya waponda kokoto. Nyundo zikanyamaza moja moja. Mama yake Kobe akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Mtoto wangu alirudi siku ile, chakula hakukigusa."

Hakuna aliyemtetea, wala aliyempa kitambaa cha kufutia machozi.

Walipanda kwa mwendo wa Kobe, kwa kuwa njia aliijua yeye. Juu, vichaka kumi vilikuwa chini ya kifusi. Kimoja kilibaki ukingoni, nusu ya mizizi hewani, na matunda matatu. Daktari alilichuma moja, akalipasua kwa wembe, akaziangalia mbegu kwa muda mrefu.

"Sasa nakujua," alikiambia kichaka. Kisha akateremka mwenyewe, akaifuta sahihi yake mbele ya msimamizi. Baruti zikasimama, machimbo yakahamishiwa upande wa chini. Matunda mawili yaliyobaki walipanda mbegu zake. Uliota mche mmoja tu.

Siku ya kushona tunda kwenye karatasi, Kobe aliitwa. Kimbelembele aliukimbilia mlango, akaushika wazi, akamkaribisha kwa jina lake.

"Usinishikie," alisema Kobe. "Mlango nauweza." Akapita, akaenda moja kwa moja kwenye makabati, hakugeuka.

Shangazi alibandika lebo mpya: juu ya machimbo, tarehe ya kweli, jina la kweli. Pembeni, ile ya zamani bado ilikuwepo.

"Shangazi, naomba uichane hiyo," alinong'ona Kimbelembele.

"Humu hatuchani lebo, mwanangu. Kosa linaachwa, sahihisho linabandikwa kando yake, ili anayekuja ajue nani alisema nini." Akafunga jalada taratibu. "Haya, kitendawili. Amekufa, amekauka, mdomo hana, lakini anasema uongo."

Kimbelembele aliinamisha kichwa. "Ni mmea wenye lebo yangu."

"Umepata. Umemwibia mwenzako jina, ukampa lingine la kumtesa, na vichaka kumi vimelipa. Kuungama kwako kumeokoa kimoja, na kwa hicho nakushukuru. Kumi havirudi. Ukweli, mwanangu, husemwa kabla ya kalamu kugusa karatasi. Sasa kanawe mikono, ukaushe vizuri. Magazeti yamelowa."