Bendera Nyekundu Juu ya Spinachi

Mwaka huo Sikukuu ya Moshoeshoe, mfalme aliyeasisi taifa letu, iliangukia Ijumaa, kwa hiyo mji wetu wa Mapoteng ukapata siku tatu za kujaa watu. Wafanyakazi wa migodini walirudi na mablanketi mapya, kila nyumba ililaza wageni mpaka jikoni, na umbea uliokuwa umekauka tangu Krismasi ukapata wasikilizaji.

Jumamosi asubuhi Lineo, msichana wa miaka kumi na miwili, alichota maji, akafagia ua, kisha akapandisha kitambaa cha kijani kwenye mlingoti mrefu mbele ya nyumba ya bibi yake. Kwetu hatuandiki vibao. Bendera nyeupe ni pombe ya mtama, nyekundu ni nyama, kijani ni mboga. Bibi Mamello aliuza spinachi.

"Naenda kikao cha akina mama kanisani," Bibi alisema akijifunga blanketi. "Mafungu haya yakiisha, nenda kaangalie mbio zako za farasi."

"Na yasipoisha, Bibi?"

"Farasi watakimbia bila wewe. Wamezoea."

Mbio zilikuwa saa saba. Kufikia saa tatu Lineo alikuwa ameuza fungu moja tu. Alikaa, akasimama, akanyunyizia mboga maji, akaenda getini, akarudi. Watu walipita makundi kwa makundi, wakatazama juu, wakaona kijani, wakaendelea na safari. Nani anatafuta spinachi sikukuu?

Ndani ya sanduku kulikuwa na kitambaa chekundu, cha enzi za Babu alipokuwa akichinja. Lineo alikitazama kwa muda. "Waje tu," alijiambia. "Wakiiona spinachi yenyewe watanunua." Akashusha kijani, akapandisha chekundu.

Wakaja kweli, na mabakuli mikononi.

"Nyama imekwisha," Lineo aliwaambia, "ila kuna spinachi nzuri."

"Imekwisha saa nne?" aliuliza mchimba madini mmoja. "Mlichinja kondoo au panya?"

Wawili walinunua mboga kwa kumwonea huruma. Wengine waliguna wakaondoka. Kisha akaingia Mama Tumelo, ambaye hakuna jambo mtaani lililowahi kumpita. Akazunguka ua mzima.

"Mbona hakuna inzi?" alisema. "Nyama ikatwe hapa, asibaki hata mbwa mmoja wa kulamba chini? Binti, hapa hapajachinjwa kitu."

Lineo akainamisha kichwa. Kufumba na kufumbua Mama Tumelo alikuwa ameshafika barabarani, na habari ikatangulia mbele yake: bendera nyekundu za leo ni za uongo, msijisumbue.

Saa sita Bibi alirudi, nyuma yake Mzee Sekhonyana, aproni yake ingali na damu. Yeye alikuwa na bendera nyekundu ya kweli, kule chini nyuma ya kanisa.

"Nimechinja kondoo wawili, Mama," alimwambia Bibi. "Na jua lenyewe kali hivi. Watu wanaiona bendera yangu wanacheka, wanapita. Mpaka jioni nitakuwa nazika nyama." Akamgeukia Lineo, akapunguza sauti. "Labda ulikosea rangi tu, mwanangu?"

Lineo aliona mlango umefunguliwa. Angesema ndiyo, mambo yangeishia hapo. Akaitazama ile aproni.

"Sikukosea, Mzee. Nilijua."

Bibi hakugomba, na hilo lilimtisha Lineo zaidi. "Shusha hicho kitambaa," alisema. "Halafu upite nyumba kwa nyumba, uwaambie kwa mdomo wako."

Akaenda. Kelele za mbio zilisikika kutoka uwanjani, naye alikuwa akibisha milango. Kwa Mama Tumelo wageni walijaa hadi kizingitini.

"Bendera ya kwetu ilikuwa ya uongo," Lineo alisema. "Nilidanganya mimi. Nyama ipo kwa Mzee Sekhonyana."

"Rudia, mwanangu," alisema Mama Tumelo. "Wa chumba cha nyuma hawajasikia."

Akarudia kwa sauti. Watu wakacheka, mmoja akamwita waziri wa nyama, lakini wakaanza kutafuta mabakuli. Kufikia saa kumi, kwa Mzee Sekhonyana kulikuwa na foleni. Jua lilipozama vilibaki vichwa vya kondoo tu.

Jioni Bibi alimketisha karibu na jiko. "Mtu aliye ng'ambo ya mto hawezi kukuuliza kitu," alisema. "Anaona rangi, anavaa viatu, anakuja. Ukimdanganya huyo, umemharibia hata jirani yako msema kweli. Leo Mzee Sekhonyana ameitwa mwongo kwa sababu yako. Ukitaka kuuza haraka, ita watu, imba, tembeza beseni. Rangi iache iseme kilichopo."

"Nimeelewa, Bibi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Mtaa utachukua muda."

Jumapili baada ya ibada bendera ya kijani ilipepea. Hakuja mtu kwa saa nzima. Mwishowe mtoto wa Mama Tumelo alisimama getini bila kuingia.

"Mama anauliza, hiyo kijani ni kijani kweli?"

Lineo alinyanyua fungu la spinachi juu ya kichwa chake ili lionekane mpaka barabarani. "Mwambie aje aone mwenyewe."

"Zoea," Bibi alisema kutoka ndani. "Utaulizwa hivyo mpaka Pasaka, na kila mara utajibu kwa adabu."