Waya wa Gari Lililo Baharini

Jumapili, saa saba mchana, Waruguru alirudi kutoka kanisani akaingiza tokeni za stima kwenye mita ya pamoja ya ploti yao ya vyumba vya kupanga, Kawangware. Mita ilizikubali, lakini stima haikurudi. Akaitazama swichi kubwa: ilikuwa imezimwa. Ndipo akachungulia nyuma ya tangi la maji, kilipo kisanduku cha kuchajia gari. Waya wake mnene ulikuwa umekatwakatwa, vipande vimeachwa sakafuni.

Hakulia. Alisimama pale na viatu vyake vya kanisani, akatangaza kwa sauti iliyofika barabarani kwamba gari litakuja na litachajiwa papo hapo, apende asiyependa.

Gari lenyewe lilikuwa bado baharini, ndani ya meli iliyongojewa Mombasa wiki hiyo: jipya, la umeme, la kubebea abiria. Waruguru alikuwa ameuza teksi yake ya petroli ili alipate. Bila pa kulichaji, hakuwa na kazi. Na Jumanne mkaguzi wa stima alitarajiwa kuja kukagua nyaya za ploti nzima kabla ya kuruhusu kisanduku kitumike.

Sajini Kathini wa kituo cha polisi alifika saa nane. Alikataza mtu yeyote kugusa swichi, kisha akaomba chai kwa Adero, mpangaji mwenye kibanda langoni.

"Leo ni strungi tu, Afande," Adero alisema. "Maziwa nilinunua asubuhi kwa duka ya Mzee Kagiri. Ilipochemka ikaganda yote kwa sufuria."

Kathini alikunywa chai kavu bila kulalamika. "Stima ilipotea saa ngapi?"

"Jana usiku, kama saa mbili."

"Na hakuna mtu aliangalia swichi?"

Adero alicheka kwa aibu. "Tulidhani ni tokeni. Hapa huisha mbio sana. Mimi husemwa niko na koili ya kupikia chini ya kitanda, huyu naye ati anapiga pasi usiku. Sasa kila mtu alikuwa anangoja mwingine anunue."

Basi ploti nzima ililala gizani kwa sababu ya kununiana. Inaudhi hata kusimulia, maana mtu mmoja tu angenyanyua macho kwenye ile swichi, mambo yangejulikana usiku uleule.

Kagiri, mwenye ploti na mwenye duka la maziwa nyuma ya ukuta, alikuja na jina tayari mdomoni. "Ni huyo fundi wa Waruguru, Osewe, wa Kambi Muru kule Kibera. Nani mwingine anajua mambo ya waya? Hao watu wa Kibera hawawezi kuona shaba wakaiacha."

Osewe aliitwa. Alifika saa kumi na mfuko wake wa vifaa, amekasirika.

"Jana saa mbili ulikuwa wapi?" Kathini aliuliza.

"Mazoezi ya kwaya, Kibera. Uliza kwaya mzima. Na Afande, kama ni shaba nilitaka, si ningeibeba?"

Kathini alivitazama vipande sakafuni. Hakuna kilichokosekana.

"Nani alijua mkaguzi anakuja?"

"Mimi, Waruguru na landlord. Nilimwambia jana mchana, ndio atufungulie stoo nyaya zikaguliwe."

Sajini akamgeukia Kagiri. "Mzee, kwa duka lako stima ilipotea jana?"

"Hapana. Mimi niko na mita yangu. Mtaa wote uliwaka, ni hii ploti tu."

"Basi maziwa yako iliharibika aje?"

Kagiri alisema ni jua. Kathini hakubishana naye. Alimwambia Osewe azibe ncha za waya kwa tepu, akaomba kila mtu anyamaze.

"Washa."

Osewe alinyanyua swichi. Taa za vyumba ziliwaka, redio ya mtu ikaanza kuimba mapambio. Na nyuma ya ukuta, ndani ya duka lililofungwa, friji ikaanza kunguruma.

Wapangaji waliisikiliza friji waliyoilipia miaka yote hiyo. Adero akawatazama waliomsingizia koili, mmoja mmoja, na hakuna aliyemtazama.

"Mkaguzi angepata waya wako wa wizi ukutani, ndio ukakata wa kisanduku asije," Kathini alimwambia Kagiri. "Ulizima swichi usipigwe na stima ukikata. Mbona hukuiwasha tena?"

"Nilisikia mlango wa choo, nikatoroka. Asubuhi watu walikuwa wamejaa hapa nje." Kisha aibu ikamgeuka hasira. "Lakini hii ploti ni ya baba yangu. Na wewe Waruguru, mwezi ukiisha uhame na gari yako."

Waruguru alimsogelea hadi wakakaribia kugusana. "Sihami. Gari inakuja, mkaguzi anakuja, na wewe unaenda na Afande."

"Akihama, tunahama wote," Adero alisema. "Ukae na friji yako."

Jumanne mkaguzi aliuchomoa waya wa Kagiri ukutani na kukipitisha kisanduku, ambacho Osewe alikuwa amekifunga upya. Jioni ujumbe ukaingia: meli imetia nanga. Waruguru alichukua chaki akachora sakafuni, urefu na upana, mahali gari litakapolala.

Kesho yake Kagiri alirudi kwa dhamana. Aliikuta ile mistari mbele yake, Waruguru ameketi kando akinywa strungi na majirani. Kisha akaizunguka mistari, asiikanyage.