Nyuzi Katika Sufuria ya Uji

Uji ulinuka chuma.

Mama Kitone aliunusa mara mbili, akauonja kwa ncha ya ulimi, kisha akaumwaga wote na kuanza kusugua sufuria kwa majivu. Ilikuwa mara ya tatu kuisugua tangu Alhamisi. Mume wake, fundi mwashi, alikuwa kizingitini anafunga kamba za viatu vya kazi. Alimtazama akacheka.

"Utaitoboa hiyo, Mama Kitone. Sufuria imekukosea nini?"

"Inanuka."

"Mbona mimi nimekunywa na niko hapa? Labda anayenuka ni mume mwenzangu. Mwambie aoge."

Mume mwenza alikuwa gitaa la besi. Mume alilipachika jina hilo kwa sababu lililala upande wa kitanda wa mke wake, lilifutwa kwa kitambaa laini, na halikuwahi kuulizwa limerudi saa ngapi. Siku nyingine mke wake angecheka. Leo aliinamisha kichwa na kuendelea kusugua.

Harufu ile aliijua. Alhamisi, mume akiwa kazini na mtoto amelala, alilegeza nyuzi nne za besi, akazikunja na kuzichemsha katika sufuria hiyo kwa robo saa. Wapigaji wa mitaani hufanya hivyo. Nyuzi zikishanywa jasho na mafuta ya vidole hufa, zikalia kama mtu anayepiga godoro. Ukizichemsha zinafufuka kwa siku chache, na yeye alizihitaji zifufuke kwa Jumamosi moja tu. Maji yalitoka meusi, yakaelea mafuta, yakanuka tumbaku na sabuni ya kipande. Ilikuwa harufu ya mikono ya Mwalimu, mwenye gitaa. Mara Kitone akaamka analia njaa, naye akamwaga maji, akasuuza haraka haraka, akakoroga uji humo humo.

Mwalimu alimwonya kuhusu jambo hilo zamani. "Nyuzi zako ukinunua, chemsha unavyotaka," alisema. "Hizi zangu usizichemshe."

Lakini hilo halikuwa baya kuliko yote.

Mwalimu alikuwa jirani wa chumba cha mwisho, ukuta mmoja na wao. Alikuwa mzee mpole aliyewahi kupiga besi miaka arobaini bila kujulikana na mtu. Vidole vilipoanza kukakamaa alimwazima Mama Kitone gitaa lake, akamfundisha bila kumdai chochote. Alimwita "Mwanafunzi", hata mbele ya watu. Kila Mama Kitone alipokimbiza mdundo, mzee aligonga kabati mara mbili kwa kifundo cha kidole, ko, ko, maana yake taratibu. Na kila siku saa kumi alasiri, mvua au jua, alikuja kulipiga yeye mwenyewe kwa robo saa, noti nne tu zikizunguka na kurudi. "Nalisalimia," alisema.

Kisha akaugua, akashindwa kutembea. Jumatano mke wake alikuja mlangoni. "Mwanangu, mzee anaomba gitaa lake alishike kidogo."

Mama Kitone alikuwa amengoja miaka mitatu kupiga besi ya bendi harusi nzima peke yake, na harusi ilikuwa Jumamosi. Aliwaza: gitaa likishaingia chumba cha mgonjwa, ndugu wamejaa, litatoka na nani? Kabla hajamaliza kuwaza, mdomo ulishasema.

"Liko kwa fundi, Mama. Shingo imepinda."

Lilikuwa nyuma ya mlango, limevikwa blanketi.

Jumamosi alipiga, na watu wakamshangilia. Alipoagana na wenzake wa bendi simu ikalia. Mwalimu alikuwa amefariki saa kumi alasiri. Msibani mjane alimshika mkono. "Fundi hajalimaliza, mwanangu? Mzee aliliulizia mpaka mwisho." Naye akajibu, "Bado, Mama," akaenda kujificha jikoni kumenya vitunguu, apate sababu ya kulia.

Sasa ilikuwa Jumanne na sufuria ilinuka.

Alasiri hiyo alirudi mapema kutoka kibanda cha cherehani, ambako alishona vifungo vya sare za shule. Kitone, aliyepitia kumchukua kwa jirani wa mbele, alikuwa ameketi mkekani, kimya. Mkono wa kushoto ulishika mguu wa kigoda kama mtu anayeshika shingo ya kitu. Wa kulia ulikuwa juu ya kigoda, na vidole viwili vilitembea mahali pamoja: cha shahada, cha kati, cha shahada, cha kati. Mtoto wa miaka miwili na nusu, ambaye bado kijiko kilimpotea njia kikaingia sikioni.

"Kitone? Unafanya nini, mama?"

Mtoto hakugeuka. Saa ya ukutani ilionyesha kumi kamili. Vidole vilitembea kwa robo saa, kisha vikaacha, na Kitone akaomba maji kama kawaida.

Kesho yake saa kumi ilikuwa vivyo hivyo, ila safari hii maji ndani ya kikombe yalikuwa yakicheza pete, pete ndani ya pete, ingawa hakuna gari lililopita wala mtu aliyetembea.

Siku ya tatu mume alikuwa nyumbani, saruji imewaishia. Alikuwa anamkata mtoto kucha mlangoni penye mwanga. Ghafla akaita kwa sauti ya chini, sauti ambayo mke wake hakuijua.

"Njoo uone. Njoo polepole."

Alikuwa ameshika mkono wa kushoto wa Kitone. Ncha za vidole vinne zilikuwa ngumu, za manjano, zenye mistari iliyochimbika katikati. Mama Kitone alitazama vidole vyake mwenyewe. Vilikuwa hivyo hivyo, ila yeye vilimchukua miaka mitatu, na vya mtoto vilikuwa vikongwe kuliko vyake.

"Ni upele?" mume alinong'ona.

"Sijui."

"Hujui, au hutaki kusema?"

Kabla hajajibu, harufu ya tumbaku na sabuni ikaingia chumbani, ikapita katikati yao kama mtu anayeomba njia, na gitaa lililokuwa nyuma ya mlango, halikuunganishwa na waya wala kuguswa na mkono, likatoa sauti moja ya uzi mnene, ya chini kabisa, ambayo hawakuisikia kwa masikio bali kwa meno na kwa mbavu na kwa ubao wa kitanda, ikatandaa sakafuni, ikapanda ukutani, ikakaa humo inatetemeka huku vikombe vikigongana kabatini, na Kitone, mikononi mwa baba yake, akainua kichwa akamtazama mama yake kwa macho yaliyochoka kama ya mtu aliyengoja siku nyingi kitandani.

"Mwanafunzi," akasema, kwa sauti yake hiyo hiyo ndogo. "Gitaa langu limepona?"

Mume alimwachia mkono. Halafu, kwa aibu, akamshika tena.

"Nani kamfundisha maneno hayo?" alinong'ona. "Mama Kitone. Nani?"

Ndipo mke akamwambia, yote, akiwa ameegemea ukuta na kuitazama sakafu. Mume hakumgombeza. Angemgombeza, mke angepata nafuu.

Mganga waliyeelekezwa na watu wa mtaani alikuwa mama mnene aliyeuza nguo za watoto asubuhi na kutibu mchana. Alimkagua Kitone vidole kimoja kimoja, akanusa kiganja, akaagiza sufuria. Alipoletewa aliifunika haraka.

"Huyu siye mzee wako," alisema. "Mzee alikuwa na mgeni. Jini wa nyuzi, yuko naye tangu ujana. Alimpa robo saa kila siku, saa ile ile, na mgeni akatulia kama paka aliyeshiba. Makao yake yalikuwa yale mafuta ya vidole kwenye nyuzi. Wewe ukayachemsha."

"Sikujua."

"Mwenye nyumba inayoungua hamuulizi mtu kama alijua. Anakimbilia mlango wa karibu." Akamtazama mtoto. "Mlango ulikuwa huu."

"Mtoe, Mama," alisema mume. "Tafadhali. Utakachosema tutafanya."

"Mimi hanijui, kwangu hatoki. Na mtoto mdogo namna hii hawezi kumbeba. Leo vidole, kesho kifua." Aliteremsha sauti. "Arudishwe alikotoka, kwenye nyuzi. Lakini hakai mahali palipofunikwa uongo. Saa kumi nenda kwa mjane, ukaseme ulichosema, mwenyewe, kwa mdomo wako. Kisha upige zile noti za mzee mpaka mwisho. Usikatize. Ukiona nini, usikatize."

Chumba cha mjane kilikuwa kimefagiliwa. Kitanda cha marehemu kilikuwa bado pale pale, ubavu wake umegusa ukuta. Mjane alipomwona Mama Kitone ameingia na mtoto mkononi na gitaa mgongoni, uso ulimng'aa.

"Alhamdulillahi, fundi amelimaliza!"

Mama Kitone alipiga magoti. Alikuwa amejipangia maneno njiani, hatua kumi na mbili tu kutoka mlango wake, na yote yakapotea.

"Halikwenda kwa fundi, Mama. Shingo haikupinda. Lilikuwa nyuma ya mlango wangu. Nilitaka harusi. Na msibani nilikudanganya tena."

Mjane alirudi nyuma hatua moja. Alikaa kitandani, akapitisha kiganja ukutani, mahali palipokuwa na doa la mafuta, kwenye usawa wa mto.

"Alijua," alisema mwishowe.

"Mama?"

"Alhamisi jioni ulipiga. Hukutia kwenye spika, lakini si ulikiegemeza kichwa cha gitaa kwenye kabati?"

Mama Kitone akafumba macho. Ndivyo alivyofanya mazoezi siku zote. Mbao za kabati zilimkuzia sauti. Na kabati lilisimama kwenye ukuta huu.

"Aliweka kiganja hapa. Akasikiliza wee, mpaka ukamaliza. Akasema, 'Amezichemsha.' Nikamwambia, nikalichukue hilo gitaa kwa nguvu? Akasema, 'Mwache, Jumamosi ni siku yake.'" Mjane alirudisha kiganja kwenye doa. "Kisha akanituma. Akaniambia nikuambie chombo ulichochemshia usikitumie kwa chakula, hasa cha mtoto. Alinibembeleza niende upesi. Nami nilikuwa nimekukasirikia, mwanangu. Niliona, mwizi wa mgonjwa nimwendee kwa lipi? Nikamjibu nimekwenda. Sikwenda."

Walitazamana, wanawake wawili. Kitone alikuwa kati yao sakafuni. Vidole vyake viwili vikaanza kutembea.

Mama Kitone alikaa kitandani, akalaza gitaa pajani, akaegemeza kichwa cha gitaa ukutani pale penye doa. Akapiga noti nne. Zikazunguka, zikarudi. Nyuzi zililia safi, kali, bado zimechemka, na kila noti ilipotoka mtoto alikunja uso kama anayechomwa sindano, na harufu ikajaa chumba, tumbaku, sabuni, chuma, na chini yake kitu kingine kama nywele zilizoungua, na mwanga wa dirishani ukapungua ingawa jua lilikuwa nje, na ubao wa kitanda ukashuka upande wa kulia kwake taratibu kama mtu mzito ameketi, mzito kuliko mzee yeyote, Mama Kitone akahisi joto lake begani, na pumzi yake ikamgonga shavuni kwa mdundo ule ule alioupiga, na mjane akaanza kulia bila sauti kwa sababu naye alikiona kitanda kimeshuka, na Kitone akafungua mdomo na mdomo ukafunguka zaidi ya unavyopaswa kufunguka na sauti ya uzi mnene ikatoka humo, nene, ya chini, isiyokuwa na mwisho, na mama akataka kutupa gitaa akamkumbatie mwanawe, kila kiungo kilitaka, lakini aliendelea, machozi yakidondoka kwenye nyuzi, noti nne, zikazunguka, zikarudi.

Kisha nyuzi zikafa.

Zilikufa moja baada ya nyingine chini ya vidole vyake, zikawa nyeusi na zenye utelezi, zikalia kama godoro linalopigwa. Kitanda kikapanda. Dirishani mwanga ukarudi.

"Mama," alisema Kitone, na kunyoosha mikono.

Magamba ya vidoleni yalidondoka baada ya wiki. Sufuria waliizika. Mume akanunua nyingine mbili, moja akaichora msalaba mwekundu chini, akasema hiyo ni ya mume mwenza. Hakuna aliyecheka sana.

Mjane hakulitaka gitaa. "Umeshalibeba," alisema. Mwezi uliofuata alihamia kwa dada yake, chumba cha mwisho kikafungwa kwa kufuli.

Mama Kitone hapigi tena harusini. Saa kumi kasorobo hutundika sindano na kuondoka kazini, mwajiri wake ameshachoka kuuliza. Hukaa kitandani, huegemeza kichwa cha gitaa kwenye kabati, na kupiga robo saa. Hana ruhusa ya kuugua, wala ya kusafiri, wala ya kusahau. Kitone hucheza miguuni pake, na vidole vyake ni laini.

Juzi alichelewa kidogo. Mvua ilimzuia, akaingia mbio mbio, maji yakimchuruzika, akaanza kupiga kwa haraka amalize muda wake. Noti zikakanyagana.

Kutoka chumba kilichofungwa, usawa wa mto, ukuta ukagongwa mara mbili.

Ko. Ko.

Akapunguza mwendo.

"Samahani, Mwalimu," alinong'ona, ingawa hakuwa na hakika anamwomba radhi nani.