Karatasi ya Kumgeuza Bibi

"Mbona mgonjwa wenu kila nikichungulia nakuta kalalia upande uleule?" Mama Benedikto, jirani yao, aliuliza hivyo siku moja akiwa amesimama dirishani na ungo wa mihogo mikavu.

Shamimu alikuwa akifagia uwanja. Hakuinua uso. "Bibi mwenyewe ndivyo anavyotaka. Anataka kuelekea kibla."

Mama Benedikto ni Mkatoliki, na hapendi kuingilia ibada za watu. Akasema, "Haya, mwanangu," akaenda zake.

Ilikuwa miezi ya korosho hapo Rutamba. Mama yake Shamimu, Salima, aliondoka kwenda shambani mara tu baada ya swala ya alfajiri, akarudi jua likizama, mgongo umekakamaa na vidole vimeingia weusi usiotoka kwa sabuni. Shamimu alikuwa na miaka kumi na miwili na alisoma darasa la sita. Kabla ya shule alichemsha maji, akamwosha bibi yake uso na miguu, akambadilisha vitambaa, akamnywesha uji, akamwekea kikombe cha maji karibu na mkono. Akirudi saa nane alifua vitambaa, akateka maji, akapika. Jioni akifungua daftari la hesabu, usingizi ulimkuta kabla hajamaliza swali la pili.

Bibi Mwanaasha alikuwa amepatwa na kiharusi. Tangu hapo miguu haikumbeba tena, na mkono wa kushoto ulilegea kama si wake. Lakini akili yake ilikuwa nzima na ulimi wake ulikuwa mzima zaidi.

Kila Alhamisi alikuja Bi Sauda, mhudumu wa afya wa kijiji, mjane wa makamo aliyetembea kwa miguu nyumba kwa nyumba kuangalia wagonjwa wanavyotunzwa. Yeye ndiye aliyebandika karatasi ukutani, yenye siku za wiki na saa za mchana. "Mgeuzeni kila baada ya saa mbili," alisema. "Mara kulia, kisha chali, kisha kushoto. Ukimgeuza, weka alama ya vema hapa. Ngozi ikigandamizwa mahali pamoja muda mrefu, inakufa."

Siku ya kwanza Shamimu alijaribu. Alipomgeuza bibi kushoto, bibi akatazama ukuta wa kusini, akasema, "Umenifanya niipe kibla mgongo, Shamimu. Roho ikitoka sasa hivi, utamwambia nini Mungu?"

Shamimu akamrudisha upande wa kulia. Lakini karatasi ilikuwa pale ukutani, inangoja. Akawaza Bi Sauda akija atasema nyumba hii haimtunzi mzee wao. Akawaza mama yake, na uchovu wote ule, asomewe makosa juu yake. Akachukua kalamu, akaweka vema. Kesho yake akaweka mbili. Wiki ya tatu alikuwa anajaza siku nzima asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule.

Alhamisi ya wiki ya nne, Shamimu alitoka shule akikimbia. Alimfunika bibi khanga mpya, akatia udi kwenye chetezo, akafukiza chumba mpaka macho yakawasha.

"Leo kuna harusi?" bibi akauliza akikohoa.

"Bi Sauda anakuja."

"Basi niletee na marashi, nimkaribishe bibi harusi."

Bi Sauda akabisha hodi. Shamimu akamwamkia, "Shikamoo, Bi Sauda."

"Marahaba, mwanangu." Akavua viatu mlangoni taratibu, kama mtu ambaye nyayo zinamuuma. Hakuisifu khanga wala udi. Alishika mkono wa bibi akatazama kucha. Akamwomba afungue mdomo. Akakisogelea kikombe kuona kama mgonjwa anakifikia mwenyewe. Akauliza, "Mama, wanakuosha vizuri?"

"Mjukuu wangu ana mikono laini. Sina la kulalamika," bibi akajibu. "Isipokuwa nyonga hii. Inawaka."

Bi Sauda akafunga mlango, akamgeuza polepole, akainua khanga. Kwenye nyonga ya kulia palikuwa na duara jekundu kubwa kuliko kiganja cha mtoto, na katikati yake ngozi ilikuwa imechubuka, inatoa maji. Udi haukuweza tena kuficha harufu.

Bi Sauda akamfunika tena. Alikwenda ukutani, akaisoma karatasi kwa kidole.

"Jumanne saa nne asubuhi. Nani alimgeuza?"

"Mimi," Shamimu akasema.

"Jumanne saa nne ulikuwa wapi?"

Shamimu akatazama sakafu. Alisikia kuku wakiparua nje. "Shule," akasema mwishowe. "Sikumgeuza, Bi Sauda. Wala Jumanne, wala siku nyingine. Bibi anakataa, nami nikaogopa kusema."

Bi Sauda akavuta kigoda, akaketi. "Hii ni nyumba ya sita leo," alisema kwa sauti ndogo. "Wiki tatu nimekuja hapa nimechoka, nikasoma karatasi yako, nikaona alama zimejaa. Nikamuuliza bibi yako hali, nikaenda zangu bila kumfunua. Nami nina kosa langu. Lakini sikiliza, mwanangu. Leo ngozi imechubuka tu. Kidonda kikiachwa hivi, kitachimba mpaka mfupani. Hapo ni kumbeba mpaka hospitali Lindi, na wazee wengine hawarudi."

Machozi yakamtoka Shamimu. Bibi akasema kutoka kitandani, "Msimwonee mtoto. Mimi ndiye niliyekataa. Sitaki kufa nimeipa kibla mgongo."

"Mama, nami ninaswali," Bi Sauda akasema. "Sikuombi uache kibla. Lakini ubavu mmoja huwezi kuulalia miezi yote hii."

Shamimu alisimama miguuni pa kitanda, akafuta uso kwa mtandio. Kichwa cha bibi kilikuwa mashariki. Ubavu wa kulia ukiwa chini, uso unatazama kaskazini, kwenye kibla. Akaugeuza mto mawazoni, mara moja, mara mbili.

"Bi Sauda," akasema, "na kichwa kikija huku?"

"Huku wapi?"

Shamimu hakujua kueleza. Akalala mkekani, kichwa magharibi, ubavu wa kushoto chini. Uso wake ukatazama dirisha la kaskazini, lilelile ambalo bibi hulitazama siku zote.

Bi Sauda akatazama dirisha, akatazama mto. Bibi naye akageuza shingo kumwangalia mjukuu wake pale chini.

"Kumbe shule wanafundisha," bibi akasema. "Haya, nihamisheni kabla sijabadili nia."

Wakamhamisha wawili, wakimvuta kwa shuka asikwaruzwe. Bi Sauda akaosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, akaahidi kumleta muuguzi wa zahanati kesho yake. Kisha akaichana karatasi ya zamani, akabandika mpya.

Jioni Shamimu alimwambia mama yake yote, akingoja kipigo. Salima alikuwa amekaa kizingitini, hana hata nguvu ya kufungua kilemba.

"Nami nilikuwa naziona alama zako," alisema. "Nikashukuru, nikalala. Sikuinua khanga ya mama yangu hata siku moja." Akajishika mgongo, akainuka. "Kuanzia leo, asubuhi kabla sijatoka tutamgeuza sote wawili. Na usiandike lisilofanyika."

Alhamisi iliyofuata karatasi ilikuwa na mapengo. Saa kumi na mbili asubuhi vema, saa nane vema, saa kumi vema. Saa mbili, saa nne na saa sita patupu, siku zote za shule. Shamimu alijikunyata akingoja maneno. Bi Sauda akaibandua karatasi, akasema, "Nifuate."

Walikwenda mpaka barabarani, kwenye banda la Mjomba Yassini, kaka yake Salima, fundi wa baiskeli na pikipiki. Hazifiki hatua mia mbili kutoka nyumbani. Bi Sauda akamwekea karatasi juu ya meza ya spana.

"Haya mapengo ni saa ambazo mama yako hana mtu."

Yassini akaisoma, akajikuna shavu kwa kidole cha grisi. "Bi Sauda, hayo ni mambo ya wanawake."

"Kumwosha ni kwa wanawake. Kumgeuza ni kwa mwenye mikono."

"Nina kazi hapa."

"Binti huyu ana shule. Dada yako ana shamba. Mimi nina nyumba sita. Wote tuna kazi, Yassini."

Mjomba akarudia spana zake. Lakini Ijumaa saa nne asubuhi Mama Benedikto alimwona akiingia ndani, mikono imeoshwa mpaka kwenye viwiko, akimuuliza mama yake kichwa kilale wapi.

Kidonda kilichukua wiki saba. Kwanza kilikauka, kikafunga pembeni, mwisho kikabaki alama nyeusi kama ya kuungua. Jumamosi moja Bi Sauda alipita tena, na baada ya kumkagua mgonjwa alisindikizwa na Shamimu mpaka bandani kwa mjomba. Akaketi kwenye benchi kupumzisha miguu. Frank, kijana wa bodaboda, alikuwa akisubiri tairi lake lizibwe.

"Nyonga imepona," Bi Sauda alisema. Akamgeukia Shamimu. "Karatasi yako ya kwanza ilipendeza kuitazama, na bibi akaumia nyuma yake. Hii yenye mapengo ndiyo iliyonionyesha pa kuomba msaada. Mtunza mgonjwa huchoka, hilo si aibu. Ukichoka, sema umechoka. Ukishindwa, andika umeshindwa. Aliyelala hawezi kuinuka kukusahihisha, kwa hiyo mwambie ukweli mtu anayeweza kukusaidia."

"Nimeelewa, Bi Sauda."

"Naona umeelewa. Kucha za bibi yako leo ni safi kuliko zangu."

Yassini alikuwa amechuchumaa na mpira wa ndani mkononi, akimsimulia Frank mteja mmoja aliyemletea baiskeli isiyo na mnyororo akitaka atengenezewe kengele. Katikati ya kicheko akaitazama saa ya simu. Ilikuwa saa nne.

Shamimu akainuka. "Kaa, mjomba, leo sina shule, nitakwenda mimi."

Yassini akamwashiria kwa kiganja abaki na mgeni. Akamwekea Frank mpira wake mapajani.

"Fundi, ndiyo nini sasa?" Frank akalalamika. "Abiria ananisubiri sokoni. Nimpakie mgongoni?"

Mjomba akachota maji kwenye ndoo, akajisugua grisi kwa sabuni, kidole kwa kidole, akajifuta. Akatoka bandani, akashika njia ya kwa mama yake.